Moshi wa Mbagala

Nilifundisha fizikia wilayani Temeke miaka thelathini na moja. Maabara yangu ilikuwa karabai, koroboi, rula na karatasi ya kufungia maandazi.

Usiku mmoja wa mwaka 1999, umeme umekatika, tulikuwa uwanjani Mbagala na kidato cha nne. Karabai tuliitundika kwenye fito ya mita mbili, ng'ambo ya uwanja. Kundi la kwanza liliipima fito kwa rula iliyonyooshwa mkononi, maana kitu kikiwa mbali huonekana kimenywea. Kundi la pili lilishika karatasi yenye doa la mafuta, huku karabai, huku koroboi, likaisogeza koroboi mpaka doa likapotea. Hapo mianga imelingana, na kwa kuwa nguvu ya taa zote tulikwisha kuipima, umbali ukapatikana kwa hesabu.

Fito ilitoa mita 30. Mwanga ukatoa 36.

Nikamkaripia binti aliyeshika karatasi, na ile 36 nikaitia kosa kwa wino mwekundu.

"Samahani mwalimu," akasema, "karabai tumeipampu sasa hivi. Ila tazama pale."

Jirani alikuwa akichoma taka, na moshi umelala katikati ya uwanja. Moshi hufifisha taa, haufupishi fito.

Mwaka uliotangulia, timu mbili za wanaastronomia zilikuwa zimetangaza kwamba supanova za mbali zimefifia kupita walivyotarajia; ulimwengu, walisema, unatanuka kwa kasi inayoongezeka. Wengine wakauliza kama si vumbi tu. Miaka baadaye nilisoma jinsi swali hilo linavyopimwa, kwa kanuni ya Etherington ya mwaka 1933: mawimbi ya mwanga wa galaksi yakirefuka mara mbili njiani, umbali unaopimwa kwa mwanga sharti uwe mara nne ya ule unaopimwa kwa ukubwa. Ukizidi hapo, huenda kuna kitu kinachomeza mwanga. Kwa usahihi uliofikiwa, vipimo hivyo viwili vimepatana. Wenzetu hawakuona moshi wa kutosha kuwadanganya.

Sisi tulikuwa nao. Ulipopita, binti akapima upya, akapata 31. Nikalichukua daftari lake, nikafuta lile kosa, na pembeni ya 36 nikaandika: sahihi, moshi.