Waliokuwa Ukingoni Mwaka wa Korona

Msimu wa 2024/25 ulipomalizika na Kagera Sugar wakashuka daraja, huzuni iliingia katika nyumba nyingi za mkoa wetu, zikiwamo nyumba za Nshamba ambazo hazijapata kumtuma mtu hata mmoja kwenye uwanja wa Kaitaba. Wazee wakauliza, kama wanavyouliza kila mara, mpira una nini hata umhuzunishe Muislamu mwenye swala tano na shamba la kupalilia. Swali hilo ni la haki. Sisi tunaokaa kati ya wazee na vijana katika kamati ya msikiti hulijibu kwa kurejea mwaka 1441 Hijria, yaani 2020 Miladia, ambapo timu nne za nchi yetu zilicheza mechi za mchujo wakati dunia imejifungia kwa sababu ya maradhi. Mwaka ule mpira ulitufundisha jambo la kifamilia na la kijamaa ambalo tungependa wasomaji walitafakari pamoja nasi.

Tuukumbuke mpangilio wa mambo ulivyokuwa. Tarehe 16 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, huko Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akatangaza kufungwa kwa shule na kusimamishwa kwa mikusanyiko ya michezo, na Ligi Kuu ikasimama papo hapo. Nyumba za ibada hazikufungwa. Tuliendelea kusali, ila kwa utaratibu mwingine: udhu ulitoka nyumbani, kila mmoja alikuja na msala wake, kibuyu chirizi kikaning'inizwa karibu na mlango pamoja na kipande cha sabuni, na salamu ikawa ya mkono kifuani. Ndugu zetu wa ng'ambo ya Mutukula, kuanzia Masaka hadi Kampala, walifungiwa misikiti, wakasali Tarawehe na Idi ya Fitri majumbani. Mwezi wa Juni ikatangazwa kuwa Hija ya mwaka ule itakuwa ya watu wachache waliokwisha kuwamo ndani ya Saudi Arabia. Waliokuwa wamejiwekea akiba kwa miaka wakazirudisha nia zao mioyoni.

Tarehe 21 Mei Rais John Magufuli alitangaza kwamba michezo iruhusiwe kuanzia Juni mosi, na mpira wa ligi ukarudi viwanjani tarehe 13 Juni. Hapo ndipo nchi yetu ilipoachana na majirani. Kenya walikwisha kuufunga msimu mwishoni mwa Aprili kwa kuwatangaza Gor Mahia kuwa mabingwa. Uganda walifanya hivyo mwezi Mei kwa Vipers, na Rwanda mwezi huohuo kwa APR. Kwao hesabu ilifungwa kwa karatasi. Kwetu ilifungwa kwa miguu. Hatusemi haya kwa kuwabeza jirani zetu, kwani kila nchi ilikuwa na hofu yake na wagonjwa wake. Tunasema kwa sababu tofauti hiyo ilituonyesha ni nani hasa huumizwa na hesabu ya karatasi.

Bingwa haimdhuru sana. Simba walitwaa ubingwa wao wa tatu mfululizo tarehe 28 Juni, mechi kadhaa zikiwa bado hazijachezwa, na hata kama ligi ingekatwa mwezi Machi hakuna ambaye angeshangaa kuwaona juu. Karatasi na uwanja vingelisema jina lilelile. Lakini shuka chini ya jedwali, kule ambako pointi moja hutenganisha mwenye ajira na asiyekuwa nayo. Kule kila mechi iliyofutwa ni tumaini la mtu lililofutwa bila ya yeye kuulizwa. Mwenye nafasi ya kwanza anaweza kuhukumiwa kwa jana yake, naye aliye ukingoni amebakiwa na kesho tu.

Msimu ule ulikuwa na timu 20, na sheria ilikuwa kali kwa kuwa ligi ilikuwa ikipunguzwa hadi timu 18. Nne za mwisho zilishuka moja kwa moja: Alliance, Ndanda, Lipuli na Singida United. Dodoma Jiji na Gwambina zikapanda moja kwa moja kutoka Ligi Daraja la Kwanza. Zikabaki timu mbili za nafasi ya 15 na ya 16, Mbeya City na Mbao ya Mwanza, ambazo hazikuwa zimeshuka wala hazikuwa zimebaki. Zililazimika kucheza na wawili waliokuwa wakibisha hodi kutoka chini: Mbeya City na Geita Gold, Mbao na Ihefu ya Mbarali. Nyumbani na ugenini, dakika 180 kuamua kazi ya miezi kumi na moja, ambayo mitatu kati yake watu walikaa bila kugusa mpira wa mashindano.

Mechi hizo zilichezwa katika siku za Idi ya Adh'ha, mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti. Mbeya City walisalimika. Mbao na Ihefu walilingana kwa mabao, manne kwa manne, lakini Ihefu wakapita kwa mabao ya ugenini. Timu ambayo mwaka 2017 ilifika fainali ya kombe la shirikisho, ikawatoa jasho Simba mjini Dodoma, iliondoka Ligi Kuu ikiwa imeshinda mechi yake ya mwisho. Vijana wetu walilishangaa hilo kuliko matokeo yenyewe: mtu ameshinda, na bado ameanguka.

Kwetu Kagera hawakuwa na haja ya kufafanuliwa maana ya mchujo. Mwaka mmoja tu kabla yake, mwezi Juni 2019, Kagera Sugar wenyewe walipita katika tundu hilohilo la sindano walipokutana na Pamba ya Mwanza, wakabaki. Miezi michache baadaye, Januari 2020, timu hiyohiyo iliyokuwa nusura ishuke iliwafunga Yanga mabao 3-0 jijini Dar es Salaam. Ndipo kijana mmoja wa hapa kwetu, mwendesha bodaboda asiyekosa swafu ya Alfajiri, alipotuambia neno tuliloliandika pembeni mwa daftari la kamati: aliye ukingoni usimhesabu mpaka acheze.

Neno hilo lilitufaa upesi kuliko tulivyodhani, kwa maana jamaa yetu nayo ilikuwa na mtu aliyesimama nafasi ya 15.

Shule zilipofungwa, madrasa yetu nayo ilisimama. Ustadhi wetu, kijana mgeni mwenye mke na mtoto mchanga, aliishi kwa mchango mdogo wa kila wiki uliotoka kwa wazazi. Watoto walipokoma kuja, mchango ukakoma. Wazazi nao walikuwa na yao. Mwanamke aliyeuza maandazi kwenye lango la shule hakuwa na wa kumuuzia. Aliyekuwa akibeba mizigo Mutukula alirudi nyumbani Uganda walipoufunga mpaka kwa abiria. Kahawa ilikuwa bado mtini, kijani, na kahawa ya kijani hailipi deni. Shule zilifunguliwa tarehe 29 Juni na madrasa ikafunguliwa pamoja nazo, lakini watoto walirudi pungufu ya nusu. Baada ya Idi ya Adh'ha, wakati vijana wakiyajadili mabao ya Mwanza, kamati ilikaa kuamua kama nafasi ya ustadhi iendelee kuwapo au isitishwe mpaka hali itengemae.

Hesabu za karatasi zilikuwa wazi. Sanduku la msikiti lilikuwa na deni la mabati. Mjumbe mmoja, mtu mwaminifu anayejua thamani ya kila shilingi, alisoma mapato na matumizi, akahitimisha kwa upole kwamba ustadhi aachiwe atafute riziki kwingine. Hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa namba zake zilikuwa sahihi. Hapo mzee wetu mkubwa kuliko wote, ambaye hajapata kuutazama mpira hata siku moja, akauliza: "Je, yeye mwenyewe ameulizwa?"

Swali lake lilitukumbusha kisa tulichokisoma chuoni. Sayyidna Umar, Allah amridhie, alipokuwa njiani kuelekea Sham alifika mahali paitwapo Sargh, akaletewa habari kwamba tauni imeingia huko. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina akawashauri, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, ndipo akaamua kuwarudisha watu. Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, alimjibu kwamba wanatoka katika kadari moja ya Allah kuelekea nyingine. Wengi wetu hukitaja kisa hiki kwa ajili ya fundisho lake la kujikinga na maradhi, na ni fundisho kubwa. Lakini ndani yake mna jambo la pili: katika siku za hofu, Khalifa alizidisha mashauriano badala ya kuyapunguza. Hofu hutuvuta kuamua haraka, tena kuamua juu ya watu wasiokuwapo.

Basi ustadhi akaitwa. Hakuomba msamaha wa deni wala nyongeza. Aliomba muhula mmoja, na ruhusa ya kuwafuata watoto mabarazani mwao, watatu watatu, kwa kuwa wazazi wengi walikuwa bado wanaogopa kuwachanganya chumba kimoja. Kamati ikakubali. Kila nyumba iliyoweza ikaahidi mkungu wa ndizi kwa zamu, na waliovuna kahawa wakaahidi debe moja moja la maganda baada ya kuianika. Mwanamke yule wa maandazi, ambaye tungemweka katika orodha ya kupokea, alikataa kuandikwa huko, akajiandikisha kutoa kuni. Ustadhi alikaa nasi mwaka mzima na zaidi. Baadaye aliondoka kwenda kwenye madrasa kubwa kuliko yetu, na aliondoka kwa hiari yake, watoto kadhaa wakiwa wamehitimisha Juzuu Amma mikononi mwake.

Tungekuwa tunaficha nusu ya habari kama tusingetaja uovu uliotembea pamoja na mpira ule. Ligi nyingi duniani ziliposimama, vijana waliokuwa wamezoea kubeti walihamia Belarus, nchi ambayo ligi yake haikusimama. Waliyajua majina ya timu za huko kuliko majina ya mashamba ya babu zao. Ligi yetu iliporudi, waliweka mikeka hata juu ya mchujo. Kamari ni haramu, na hilo halihitaji kura ya kamati. Lakini tuliwaambia pia jambo la kibinadamu: mechi ya mchujo ni riziki ya watu inayotetemeka, na anayechezea kamari juu yake anajitafutia chakula katika hofu ya mwenzake. Wawili waliacha. Wengine tunaendelea kuwaombea na kuwaambia.

Na lipo lililotufurahisha. Huku kwetu magharibi ya nchi jua huchelewa, na mechi nyingi huanza saa 10 jioni, hivyo adhana ya Alasiri huwakuta watu kipindi cha kwanza hakijaisha. Wazee walitaka banda la kuonyeshea mpira lifungwe, kwa sababu ya swala na kwa sababu ya maradhi. Vijana wakaleta pendekezo lao: kibuyu chirizi kama cha msikitini, mabenchi yaachane, madirisha yafunguliwe, na mapumziko yatumike kwa swala ya jamaa. Mwenye banda, ambaye si Muislamu, alikubali. Jamaa ile ya mapumziko ilikuwa na watu ambao hatukuwa tukiwaona msikitini isipokuwa Ijumaa.

Yaliyofuata yanajulikana. Geita Gold, walioshindwa katika mchujo ule, walipanda Ligi Kuu mwaka uliofuata. Ihefu walioshangilia walishuka msimu huohuo wa kwanza, wakarudi tena, na Novemba 2022 wakawa timu iliyokatisha mechi 49 za Yanga bila kufungwa. Mbao bado hawajarudi. Hakuna katika hao ambaye dakika 180 za mwaka 2020 zilikuwa hukumu yake ya mwisho. Hukumu ya mwisho ina siku yake na ina Mwenyewe.

Kwa hiyo wazee wetu wakiuliza mpira una nini, tunawajibu kwamba wenyewe ni ngozi iliyojazwa upepo, ila jedwali lake linafaa kusomwa kuanzia chini. Kila familia inayo nafasi yake ya 15: mtoto aliyefeli darasa la saba, shangazi aliyeachika, binamu aliyerudi kutoka mjini akiwa na mfuko mmoja. Kila msikiti unao wake pia. Mwaka wa Kiislamu unapofungwa na kamati zinapokaa kugawa zaka na sadaka, tunawasihi ndugu zetu waanze na mtu ambaye jina lake limekaribia kufutwa, na kabla ya kalamu kupita wamwite, wamkalishe, wamuulize anaweza kufanya nini. Kwa Kagera Sugar tunawatakia safari njema ya kurudi. Kaitaba haijahama.

Wabillahi tawfiq.