Idi ya Mpanda na Pembea ya Watoto

Msafiri atokaye Tabora kwenda Mpanda kwa gari la moshi hushika kwanza njia ya Kigoma hata Kaliua, na hapo ndipo tawi lake ligeukapo kusini na kuingia katika miombo. Toka Kaliua hata Mpanda ni kilometa 210, na reli hiyo haikujengwa kwa ajili ya abiria. Ilijengwa katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili ili kuchukua madini ya risasi yaliyokuwa yakichimbwa huko. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki na watu wakabaki. Leo hushuka katika stesheni ile Wakonongo na Wabende, Wapimbwe na Wafipa, Waha na Wasukuma, na kila mmoja ana mzigo wake. Na arudiye Tabora hakosi gunia la mchele au dumu la asali ya Inyonga.

Sisi tulipita njia hiyo katika siku za mwisho za Ramadhani ya mwaka 2025, kwenda kusali Idi kwa jamaa zetu. Lakini kabla hatujawafikisha wasomaji wetu Mpanda, yatupasa tukae nao kidogo Tabora, kwa kuwa tuliyoyasikia huko ndiyo yaliyotufungua macho kwa tuliyoyaona mbele.

Tulilala usiku mmoja kwa mzee mmoja rafiki yetu, katika nyumba iliyo chini ya mwembe, na nani asiyeijua miembe ya Tabora? Baada ya tarawehe vijana wa nyumba wakaanza kushauriana watoto wapelekwe wapi siku ya Idi. Mmoja akataja mahali penye muziki. Mzee alikuwa akivuta uradi. Akasita, akasema: "Si ukumbini. Mahali popote, ila si ukumbini." Vijana wakanyamaza, kwani walijua anasema nini, nasi pia tulijua.

Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el-Fitri, katika mji huo wa Tabora, watoto walimiminika katika ukumbi wa dansi uliofunguliwa mchana kwa ajili yao, mambo yale yaitwayo disko toto. Wazazi walikuwa wamewavika nguo mpya na kuwapa senti za sikukuu. Ukumbi ulijaa kupita kiasi, hewa ikawa haba, na watoto walipoanza kutaka kutoka wakasongamana na kukanyagana. Wakafa watoto wapatao 20, wengine kwa kukosa pumzi na wengine chini ya miguu ya wenzao. Idi ikageuka matanga mji mzima.

Mzee akatuambia: "Mtoto wa jirani yangu alikuwamo. Nami nilikaa matangani siku tatu. Wako waliokuja wakasema, hii ni kadari, tusiulize. Wako waliokuja wakasema, haya ndiyo malipo ya dansi. Wote wakala ubwabwa wakaenda zao. Hakuja hata mmoja akauliza, mlango ulikuwa na upana gani, na nani alihesabu watoto?"

Tuliona haya, wala hatutawaficha wasomaji wetu sababu yake. Mwaka ule tulikuwa mbali na Tabora, na habari ilipotufikia barazani kwetu, tulikuwa miongoni mwa wale waliosema maneno ya pili. Tulisema kwamba mzazi ampelekaye mwanawe disko asimlaumu mtu. Tulisema hivyo tukinywa kahawa, na maiti za watoto wadogo, ambao kalamu haijawaandikia dhambi, hazijakauka maji ya josho. Kama dansi lilikuwa baya, na sisi hata leo hatulipendi kwa watoto, ubaya wake si uliowaziba pumzi. Watoto 20 wangaliweza kufa vivyo hivyo katika ukumbi wa kasida, kama ungalijazwa namna ile.

Katika gari la moshi, usiku kucha mpaka Mpanda, tulikuwa tukilifikiri neno la mlango. Tukakumbuka kisa kimoja cha Uingereza, mji wa Sunderland, cha tarehe 16 Juni 1883. Watoto wengi walikusanyika katika jumba liitwalo Victoria Hall kutazama mazingaombwe. Mwishoni ikatangazwa kwamba watapewa zawadi, na wale walioketi ghorofani, wapatao 1,100, wakakimbilia ngazi wasije wakakosa. Chini ya ngazi mlikuwa na mlango ufungukao kwa ndani, nao ulikuwa umetiwa komeo ukiwa wazi kidogo tu, apite mtoto mmoja mmoja. Wa mbele wakakwama; wa nyuma, wasiojua, wakazidi kusukuma. Wakafa watoto 183.

Bila shaka huko nako watu walilia, wakasali, wakalaumiana. Kulifanywa uchunguzi wa kisheria mara mbili, na aliyetia komeo lile hakujulikana hata mwisho. Lakini hawakuishia hapo. Ilipitishwa sheria kwamba majumba ya watu wengi yawe na milango ya kutosha ifungukayo kwa nje, na mwaka 1892 mtu aitwaye Robert Alexander Briggs akapata hati ya ubunifu wa komeo la namna mpya: fito ipitayo katikati ya mlango, ambayo umati ukiigusa tu kwa kifua mlango hufunguka. Fito hiyo twaiona leo katika milango ya dharura ya majumba makubwa duniani kote. Mtenda kosa hakupatikana, lakini kosa lenyewe lilipatikana.

Na kwetu? Kila sikukuu ikaribiapo, polisi wa mikoa hutangaza kwamba disko toto ni marufuku. Tangazo hilo ni jema, nalo huenda limeokoa watoto wengi. Ila marufuku huondoa jina moja tu la mchezo, na watoto hawaachi kutaka kucheza. Ukiwazuia ukumbini watakwenda kiwanjani.

Basi na tufike Mpanda. Mji huu ndio makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, na bado una sura ya mahali panapokua kwa haraka: bodaboda, vumbi jekundu wakati wa kiangazi, na matope jekundu vile vile wakati wa masika. Idi hiyo iliangukia masika. Mvua ilinyesha usiku, asubuhi ikaanuka, tukasali juu ya mikeka iliyotandikwa juu ya maturubai. Khatibu alizungumza vizuri juu ya furaha ya Idi, akakumbusha jinsi Wahabeshi walivyocheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, naye Mtume (S.A.W.) akamwacha Bibi Aisha atazame mpaka akatosheka. Tulifurahi kusikia hivyo, maana wako wadhanio kwamba dini huanza pale kicheko kinapokoma.

Baada ya pilau vijana wakubwa walikodi pikipiki kwenda Sitalike, kiasi cha mwendo wa saa moja, kuwatazama viboko katika Mto Katuma kwenye ukingo wa Hifadhi ya Katavi. Hao hatukuwaogopea sana. Kila mtu wa Katavi ajua tangu utotoni kwamba kiboko hasogelewi, na hapana haja ya kibao. Wadogo tuliwapeleka kiwanjani.

Palikuwa na vibanda vya soda na barafu, puto, na michezo miwili. Mmoja ulikuwa farasi wa mbao wa kuzunguka. Wa pili ulikuwa pembea ya gurudumu, yenye masanduku manne ya chuma yapandayo na kushuka, na vijana wawili wakiisukuma kwa mikono. Urefu wake haukuzidi paa la nyumba. Watoto walijipanga, na mjukuu wa mwenyeji wetu alikuwa wa tatu katika mstari, shilingi zake mkononi.

Kama si yale maneno ya Tabora tungaliketi kivulini. Lakini tulikwenda tukatazama. Nguzo zilisimikwa katika udongo uliolowa, na upande mmoja ulikuwa umeegemezwa mawe. Gurudumu lilipobeba uzito juu, nguzo ile ilizama kiasi cha upana wa kidole, ikarudi. Sanduku moja halikuwa na pini yake ya kuning'inia. Mahali pake palitiwa msumari mnene uliopindwa, ukafungwa kwa waya. Na mbele ya masanduku hapakuwa na kizuizi ila kamba, ambayo mtoto mwenyewe alikuwa akiifunga.

Tukamwamkia mwenye mchezo, tukamvuta kando tusimwaibishe, tukamwonyesha. Akajibu kwa adabu: "Mzee, tangu mwaka jana yaenda hivi hivi. Mwenyezi Mungu ndiye mlinzi."

Tukamwambia kwamba hilo ni kweli, na kwamba katika hadithi aliyoipokea Abu Daudi, Mtume (S.A.W.) amesema kuwa mwenye kulala usiku juu ya dari isiyo na ukingo huwa ameondokewa na ulinzi huo huo. Tukamwambia tena habari ya Sayyidna Omar, alipokuwa akienda Sham akasikia kwamba kuna tauni, akawarudisha watu. Na alipoulizwa kama anaikimbia kadari, alijibu kuwa anatoka katika kadari moja ya Mungu kwenda katika kadari nyingine ya Mungu. Kijana alisikiliza, lakini macho yake yalikuwa kwenye mstari wa watoto, na hatumlaumu. Siku ile moja ndiyo mavuno yake.

Basi tukamwendea kwa mlango wa fikihi. Mafakihi wetu waliandika zamani juu ya mtu achimbaye kisima katika njia ya watu bila haki, mpita njia akatumbukia akafa: mchimbaji alazimika dhamana, wala haimfai kusema kwamba hakumsukuma. Na katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 92, mwenye kuua kwa kukosea ametakiwa diya kwa jamaa wa marehemu, na kafara ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Tukamwuliza: "Una miezi miwili, kijana wangu?"

Hapo akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akapaza sauti kwamba mchezo umesimama.

Wasomaji wetu, kelele zilizotokea hazikutoka kwa watoto. Zilitoka kwa wazazi. Bwana mmoja alisema tumekuja kuharibu Idi ya watu. Mama mmoja akasema kwamba mwaka jana hakufa mtu. Mwingine akamshika mwanawe mkono, akaondoka bila ya kusema neno, na baadaye alirudi akatushukuru. Wengine walitoa simu zao wakatupiga picha, na hatujui tunasemwaje huko zilikokwenda. Simu hizo ndizo zitangulizazo leo kuliko mikono. Miezi michache baadaye, mwishoni mwa Julai 2025, pembea kubwa ilivunjika katika bustani moja ya michezo huko Taif, Saudia, ikiwa na watu juu, wakajeruhiwa 23; picha zake zilitufikia mara nne siku moja, kila moja na hukumu yake chini, na hakuna hata moja iliyotaja chuma.

Chuma husemwa na mafundi. Alitafutwa fundi wa kuchomelea, Mkristo, ambaye duka lake lilikuwa wazi kwa kuwa haikuwa sikukuu yake. Akaja na pini mbili mpya na kipande cha nondo. Alipoutoa msumari ule ukavunjika mkononi mwake, palipopindwa palikuwa pamelika nusu nzima. Aliuweka juu ya jiwe, na watu wakaja mmoja mmoja kuutazama. Yule bwana aliyetulaumu alikuja naye, akautazama muda mrefu, akaenda kumnunulia mwanawe soda.

Nguzo zilihamishiwa mahali pagumu na kushindiliwa kwa mawe. Nondo zikachomelewa mbele ya masanduku badala ya kamba. Kazi yote ilikwisha kabla ya alasiri, na gharama yake, baada ya waliokuwapo kuchangishana, haikufika nauli yetu ya kutoka Tabora. Tulimshauri mwenye mchezo aende kabla ya Idi ya kuchinja akawaombe Zimamoto wamkagulie, naye akaahidi. Na tumeandika barua kwa maimamu wa mji, kwamba kamati zinazosimamia viwanja vya Idi zimtafute fundi wa kutazama michezo kama vile zinavyomtafuta wa kutengeneza vipaza sauti.

Baada ya sala pembea ilizunguka tena. Mjukuu wa mwenyeji wetu alipanda, akapiga ukelele juu kileleni, akashuka, akaomba shilingi za mara ya pili, tukampa. Kisha akaja na wenzake watatu, wakasimama mbele ya kiti chetu. Wakatuamkia, tukaitikia. Yule mdogo kuliko wote akanyosha kidole kwenye farasi wa mbao.

"Babu," akasema, "na wale umewatazama?"

Hatukuwa tumewatazama. Tukaondoka kitini.