Dada Yangu na Mtamba Wake Uwanjani Nakuru

Miaka ya sabini, wengi walitoka kwetu Kabazi kwenda Shoo ya Nakuru kutazama bendi na matrekta mapya. Mimi nilikwenda kumtazama dada yangu akimwongoza mtamba.

Alikuwa mwanachama wa klabu ya 4K, klabu ya kilimo ya wanafunzi, shuleni, na mtamba yule wa Ayrshire alimzoesha kamba tangu akiwa ndama. Asubuhi ya mashindano alimwosha kwa sabuni ya kipande, akamchana singa za mkia, akamsugua kwato hadi zikang'aa. Mama alisimama kando na karai la maji. "Usimvute," akamwambia. "Tembea naye."

Aliingia uwanjani na koti jeupe lililompita magoti. Mwamuzi alipita nyuma ya kila mnyama, akikagua mgongo, miguu, na mahali kiwele kitakapojaa. Mara mtamba wa jirani akakurupuka, akamburuta mvulana aliyemshika. Wetu naye akarusha kichwa, kamba ikamchuna dada kiganja. Hakuiachilia. Alimpapasa shingo akimnong'oneza mpaka akatulia. "Mzungushe tena, binti," mwamuzi akasema. Akamzungusha, akapata utepe wa nafasi ya pili na cheti.

Wakati huo mwanamke alisifiwa hadharani kwa urembo zaidi kuliko kwa kazi. Ndiyo maana tulimshangilia Orie Rogo, aliyewahi kuwa Miss Kenya, alipoingia mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1974 pamoja na Sylvia Omino.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za rodeo, michezo ya wachunga ng'ombe wa Marekani, nikamkumbuka dada. Kule wanawake walipanda farasi wakali, lakini mwaka 1929 mmoja wao, Bonnie McCarroll, aliangushwa Pendleton, Oregon, akafa kwa majeraha. Baada ya hapo wakazidi kunyimwa mchezo huo, huku malkia wa rodeo, wasichana waliochaguliwa kuiwakilisha michezo hiyo, wakiendelea kupita mbele ya umati. Mwaka 1948 wanawake 38 walikutana San Angelo, Texas, wakaunda chama chao wenyewe.

Kwetu mama alikamua alfajiri, dada akabeba maziwa hadi kituoni, na malipo yakaandikwa jina la baba. Katika karatasi zote za ng'ombe wetu, ni cheti cha Nakuru tu kilichokuwa na jina la mwanamke. Enyi wafugaji wa Kabazi, anayekamua aandikwe kwa jina lake, na hela alipwe yeye.