Leo ni Mwezi Ngapi?

Shuleni tulifundishwa kwamba mwaka una majira manne: kiangazi, masika, kipupwe na vuli. Kipupwe, alisema mwalimu, ni majira ya baridi, kuanzia Juni hadi Agosti. Tukaandika hivyo, tukapata alama zetu. Hakuna aliyetuambia kwamba kwa watu wa pwani baridi yenyewe ndiyo jambo dogo kabisa katika kipupwe. Usiku wa Julai kipimajoto cha Dar es Salaam hushuka hadi nyuzi 20 hivi, baridi ambayo shuka moja huimaliza. Jambo kubwa liko baharini.

Bibi yangu, mzaa mama, aliishi Mafia, na sikumbuki kumsikia akilitamka neno kipupwe hata mara moja. Yeye akisema kusi. Kwake mwaka ulikuwa na pepo mbili zinazopokezana kama walinzi: kaskazi, inayoanza kuvuma kwenye Novemba au Desemba hadi Machi, na kusi, inayoingia kwenye Aprili, ikapata nguvu zake Juni na Julai, kisha ikalegea hadi tukafika demani. Baina ya mbili hizo kuna malelezi, pepo zisizo na msimamo. Katika mazungumzo yake ndipo nilipogundua jambo lililonifurahisha sana nikiwa kijana mwenye mapenzi na lugha: sisi hatukuuita upepo kwa jina la upande, bali tuliuita upande kwa jina la upepo. Kusini ni kule iliko kusi. Kaskazini ni kule iliko kaskazi. Kabla ya dira kufika, nahodha alikuwa na shavu lake, na shavu lilimwambia yuko wapi.

Nikawa nakusanya maneno yake katika daftari. Bamvua: maji makubwa ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu. Maji mafu: maji madogo ya nusu mwezi, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Joshi: upande upepo unakotoka. Demani: upande upepo unakokwenda, na pia majira ya mwisho wa kusi. Umande: si matone ya asubuhi tu, bali pia upepo mwepesi utokao bara alfajiri. Matlai: upepo wa mashariki. Niliyapenda maneno haya kwa sauti zake. Baadhi niliyatia katika mashairi, maana bamvua lina vina vizuri, na umande ni neno tamu kwa mtu anayeandika habari za kupenda.

Kila nilipokwenda likizo, Bibi aliniuliza swali lile lile asubuhi: "Leo ni mwezi ngapi, mjukuu wangu?" Nami nilimjibu tarehe ya kalenda ya ukutani. Alicheka, akasema, "Hiyo ni tarehe ya mshahara. Mimi nakuuliza mwezi." Nilidhani ni mzaha wa kikongwe.

Alifariki usiku mmoja wa Julai, miaka kadhaa iliyopita. Shangazi alinipigia simu kabla ya alfajiri, akasema mazishi yatakuwa baada ya sala ya alasiri. Nilitoka Dar es Salaam kwa basi la kwanza kutoka Mbagala, tukapita Kibiti, tukashika njia ya vumbi hadi Nyamisati, bandari ndogo iliyojificha katika mikoko ya delta ya Rufiji. Saa tano asubuhi nilikuwa ukingoni, nimeshika begi. Chombo kilikuwepo, kinaelea. Mafuta yalikuwepo. Nahodha naye alikuwepo, mzee mwembamba aliyevaa koti zito na kofia ya sufu, amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nilimwamkia, nikamweleza msiba. Alinipa pole, akaniombea, kisha akasema hatuondoki.

Nikatoa simu. Nilikuwa nimesoma utabiri njiani: upepo wa kusini-mashariki, kilomita 30 kwa saa, mawimbi ya wastani. Nilimsomea kama mwalimu anayesoma mtihani. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari upepo unapotarajiwa kufika kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita 2, na siku ile tahadhari haikuwepo. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Kisha akauliza, "Na simu yako imesema maji yanakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu.

"Leo ni mwezi ngapi?" akaniuliza.

Wallahi, nilihisi kama nimepigwa kofi na mtu aliyelala jenezani ng'ambo ya bahari. Nilijua tarehe. Mwezi sikuujua. Mzee akajijibu mwenyewe: mwezi kumi na tisa.

Hesabu aliyonifanyia baada ya hapo ndiyo niliyopaswa kuijua tangu nikiwa na miaka kumi. Katika mwambao wetu, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hujaa karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu na saa nne. Kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa sababu mwezi nao huchelewa kiasi hicho kurudi mahali pake angani. Ndiyo maana maji hayajui saa za ofisi. Mwezi kumi na tisa, maji yalikuwa yamejaa baina ya saa moja na saa mbili asubuhi, na yangepwa kwenye saa nane mchana. Saa tano, nilipofika mimi, yalikuwa katikati ya kutoka, na hapo ndipo maji huwa na kasi yake kubwa. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Tanzania huweza kufika mita 4. Wakati wa maji mafu hushuka hadi karibu mita 1. Siku ile bamvua lilikuwa limeanza kupungua, lakini bado maji yalikuwa na nguvu.

"Maji yanatoka," alisema, akinyoosha mkono kuelekea mlangoni, mahali mkono wa mto unapoingia baharini. "Kusi inaingia. Vitu viwili hivyo vikikutana pale, havisalimiani."

Baadaye nilisoma maelezo ya kitaalamu ya jambo hilo, nayo hayakuongeza mengi. Wimbi linaloendeshwa na upepo likikabiliana na mkondo unaokuja kinyume chake, hufupika. Nguvu iliyokuwa imetandazwa katika wimbi refu na pana hubanwa katika wimbi fupi, na kwa kuwa haina pa kwenda, hupanda juu. Kilima kinakuwa ukuta. Mahali penye maji haba juu ya fungu la mchanga, ukuta huo huvunjika. Maji yale yale, na upepo ule ule, yakiwa yanakwenda upande mmoja, wimbi hurefuka na kulala. Kwa hiyo kilomita 30 kwa saa nilizozisoma zilikuwa kweli, lakini zilikuwa nusu ya sentensi. Nusu ya pili ilikuwa mwezini, na mimi nilikuwa sijui kuisoma.

Lakini siku ile sikuwa mtu wa kuelewa. Nilimsihi mzee yule. Nilimwahidi nauli mara tatu. Nadhani nilimwambia pia maneno ambayo kijana hapaswi kumwambia mtu mzima, kwamba anaogopa. Hakukasirika. Alisema, "Ndiyo, baba. Naogopa," akarudi kukaa.

Nilikaa Nyamisati mchana kutwa. Nikayaona maji yakiteremka, mizizi ya mikoko ikijitokeza kama vidole, hadi chombo kikalala ubavu juu ya tope. Kusi ilizidi kadiri jua lilivyopanda, kama ilivyo desturi yake. Manyunyu yakapita mara mbili. Kwa mbali, penye mlango, niliona mstari mweupe uliokuwa ukitokea na kupotea. Saa kumi na moja kasoro simu ikalia. Shangazi akasema, "Tumeshamzika. Alhamdulillahi." Nikamwomba msamaha. Akashangaa. "Msamaha wa nini? Kusi hii, mwezi kumi na tisa, nani alikutegemea leo?"

Jibu hilo lilinikaa moyoni kuliko taarifa ya kifo yenyewe. Kisiwa kizima kilijua kwamba sitafika. Shangazi zangu walijua, wachimba kaburi walijua, hata watoto pengine walijua. Hawakunisubiri, na hawakunilaumu. Mtu pekee katika ukoo wetu aliyedhani kwamba naweza kuwahi maziko yale nilikuwa mimi, mwenye daftari la maneno ya bahari.

Tuliondoka kesho yake saa kumi na mbili alfajiri. Maji yalikuwa yanajaa, yakitusogea kifuani. Kusi ilikuwa bado imelala, na nyuma yetu, kutoka bara, kulikuwa na upepo mwepesi wenye harufu ya matope na moshi wa kuni. Nilimwuliza mzee unaitwaje. "Umande," akasema. Nililijua neno hilo. Nilikuwa nimelitumia katika shairi, nikiwa sijawahi kuusikia ukinigusa shingoni. Tulipita mlangoni pale palipokuwa na mstari mweupe jana, na palikuwa kimya kama birika. Saa nne tukafika Kilindoni, maji yameanza tu kupwa, chombo kikasogea karibu na mchanga. Tope la kaburi lilikuwa bado halijakauka.

Nimejiuliza mara nyingi kama siku ile tungeweza kuvuka. Pengine tungeweza. Hakuna chombo kingine kilichojaribu, kwa hiyo sina ushahidi kwamba mzee alipatia, wala kwamba alikosea. Hilo ndilo tatizo la tahadhari: haiachi alama. Ajali huacha majina. Julai 18, 2012, meli ya MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja katika kusi kali, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, na watu wengi wakapotea. Siku hiyo inakumbukwa, na inastahili kukumbukwa. Lakini siku ambazo nahodha fulani alikaa juu ya mtumbwi akakataa fedha, akatukanwa na mjukuu mwenye msiba, hazikumbukwi na mtu, kwa kuwa hakuna kilichotokea. Mimi naikumbuka moja.

Niliporudi nyumbani nililifungua daftari langu. Kulikuwa na shairi nililokuwa nikilionea fahari, ambamo wapendanao wanaagana ufukweni wakati wa bamvua, chini ya nusu mwezi. Nimelisoma mbele za watu mara mbili, na wote tulipiga makofi. Bibi angecheka hadi kukohoa. Bamvua haliji na nusu mwezi. Nusu mwezi ni wa maji mafu. Nilikuwa nimeandika jambo lisilowahi kutokea katika bahari yoyote, na vina vyake vilikuwa kamili.

Sikulichana shairi lile. Nililiacha kama lilivyo, na chini yake nikaandika ubeti mmoja:

Nilidhani nayajua, majina ya baharini,
Kusi, kupwa na bamvua, nikaweka kitabuni,
Siku yalipoamua, nikakwama bandarini,
Je, leo ni mwezi ngapi? Sikujua kuhesabu.

Wasomaji wenzangu mnaokusanya maneno ya wazee wetu, nawaomba jambo moja. Mnapoandika neno la bahari katika daftari zenu, msiishie kwenye maana yake. Mwulizeni aliyewapa: neno hili linatumika siku gani, saa ngapi, mwezi ukiwa wapi, na likisemwa, watu hufanya nini? Kamusi itawaambia kwamba bamvua ni maji makubwa, na itakuwa imesema kweli. Lakini kwa mzee wa Nyamisati, bamvua ni amri: ondoka sasa, au kaa. Neno likishapoteza amri yake, linabaki pambo, na pambo halivushi mtu.

Siku hizi, kila ninapoamka, kabla ya kutazama simu, natazama juu. Mara nyingi ninaishi mbali na maji, na hesabu hainisaidii kitu. Naifanya hivyo hivyo. Leo ninapoandika ni mwezi saba. Maji ni mafu.