Saa za Theluji

Sisi tuliosoma katika shule hii tumezoea kuiona theluji kwa mbali. Asubuhi isiyo na mawingu, mtu akisimama katika uwanja wa mpira, huiona Kibo iking'aa juu ya migomba, na kwa kuwa tunaiona mara nyingi, tunadhani kwamba tunaijua. Mwulize mwanafunzi yeyote theluji ni nini, naye atakujibu upesi: ni kitu cheupe chenye baridi. Jibu hilo si la uongo, lakini ni sawa na kusema kwamba bahari ni maji ya chumvi. Hakuna nahodha awezaye kusafiri kwa elimu hiyo.

Mhariri wa gazeti letu ameniomba, mimi niliyemaliza hapa na kwenda Marekani kusoma, niandike habari za mlima mmoja niliopanda huko. Nimekubali kwa furaha, ila sitaeleza sana ushujaa wa kupanda, maana wapandaji wa mlima huo ni wengi kila mwaka. Nitaeleza habari za theluji yenyewe na saa zake.

Mlima huo huitwa Shasta, nao uko kaskazini ya jimbo la California. Urefu wake ni mita 4,322. Kwa hiyo ni mfupi kuliko Kilimanjaro chetu chenye mita 5,895, lakini ni ndugu yake kwa asili, kwa maana yote miwili ni milima ya volkano, na kila mmoja umejitenga, huonekana toka mbali sana. Tofauti yao kubwa ni majira. Kilimanjaro ki karibu na Ikweta, na huko juu tofauti ya baridi baina ya usiku na mchana ni kubwa kuliko tofauti baina ya mwezi na mwezi. Lakini Shasta una majira manne. Wakati wa baridi theluji huanguka kwa wingi mno. Kisha, kuanzia mwezi wa Aprili hata Juni, jua hupata nguvu na mchana hurefuka, huku theluji ingali nene milimani. Hayo ndiyo majira ya kuchipua, nayo hupendwa na watu wanaopanda kwa miguu na kushuka kwa skii, yaani zile mbao mbili ndefu zinazofungwa viatuni ili mtu ateleze.

Katika majira hayo theluji hubadilika mara nyingi katika siku moja. Usiku, mbingu zikiwa wazi, uso wa theluji hutoa joto lake na kulipeleka juu angani, nao huganda ukawa mgumu kama saruji. Alfajiri mtu huweza kutembea juu yake bila kuzama hata kidogo, lakini ni lazima avae meno ya chuma chini ya viatu na kushika shoka dogo la barafu, maana akianguka atateleza mpaka chini. Jua likipanda, tabaka la juu huanza kulegea. Kwa kuwa limeyeyuka na kuganda siku baada ya siku, chembe zake zimekuwa kubwa na za mviringo, mfano wa chenga za mchele. Theluji ya chenga ikilegea kiasi cha vidole viwili tu, na chini yake pakiwa bado pagumu, hapo ndipo skii huteleza vizuri kuliko wakati wowote. Lakini saa hiyo haidumu. Jua likizidi, maji huingia ndani zaidi, na theluji yote ikawa kama uji. Mtu huzama mpaka magotini, mawe yaliyoshikwa na barafu majabalini huachiliwa yakaporomoka, na theluji yenyewe, kwa kuwa imelowa na ni nzito, huweza kushuka kwa wingi na kumfukia mtu.

Kwa sababu hiyo mpandaji huamka usiku wa manane. Hata viongozi wa kwetu huwaamsha wageni yapata saa sita za usiku ili waelekee kileleni, na sababu mojawapo ni hiyo hiyo: changarawe za Kibo zikiwa zimeganda hukanyagika vizuri, lakini mchana huteleza chini ya mguu. Baba yangu aliijua habari hii kabla sijazaliwa. Alikuwa mpagazi wa Kilimanjaro kwa miaka mingi. Alichukua mizigo ya wageni mpaka kambi ya mwisho ya Kibo, yapata mita 4,700, na hapo ndipo kazi yake ilipokwisha. Wageni walikwenda juu na kiongozi wao. Yeye alibaki kupika chai na kuwangoja. Aliitazama theluji miaka yote hiyo, wala hakupata kuikanyaga. Nilipompigia simu kumwambia kwamba nitapanda mlima wa theluji, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ukifika, uniambie ikoje chini ya mguu."

Ilikuwa mwezi wa Mei mwaka 2017. Tulikuwa watu watatu: mzee mmoja mwenyeji, aliyepanda mlima ule tangu ujana wake; mwanafunzi mwenzangu kutoka Kampala; na mimi. Sisi vijana wawili tulikuwa tumejifunza skii kwa muda wa majira mawili ya baridi katika vilima vidogo. Tuliiacha motokaa mahali paitwapo Bunny Flat, yapata mita 2,100, tukapanda kwa skii. Usishangae kwamba skii hupanda: chini yake hubandikwa kitambaa chenye manyoya yaliyolalia upande mmoja, kwa hiyo huenda mbele lakini hairudi nyuma. Jioni tukapiga hema mahali paitwapo Lake Helen, karibu mita 3,200. Jina hilo maana yake ni ziwa, lakini ziwa lenyewe hatukuliona, maana lilikuwa limefunikwa na theluji.

Juu yetu ulisimama mteremko mkali, na mwisho wake majabali mekundu yaitwayo Red Banks. Jioni ilikuwa nzuri. Lakini yapata saa tatu za usiku mawingu yalikuja, yakatanda mlima mzima kama blanketi. Saa nane tuliamka, tukafunga viatu, tukawasha taa za vichwani. Mzee akachukua fimbo yake ya skii, akaishindilia katika theluji. Ikazama mpaka karibu na mkono wake. Akaenda hatua kumi, akajaribu tena, ikazama vile vile. Akarudi, akasema kwa upole kwamba leo hatupandi.

Huzuni yetu haielezeki. Tulikuwa tumeweka akiba miezi mingi kwa ajili ya safari ile. Hapakuwa na upepo, wala mvua, wala theluji mpya, na kilele kilikuwa pale pale juu yetu. Mwenzangu akaniambia kwa Kiswahili, ili mzee asifahamu, "Ndugu yangu, huyu mzee anaogopa nini? Mlima si ule ule?" Mzee hakuyajua maneno, lakini aliijua sauti ya kijana anayenung'unika. Akatuketisha, akatueleza kwamba mlima ni ule ule, lakini theluji si ile ile. Mawingu yamezuia joto lisitoke, kwa hiyo theluji haikuganda. Kama ni laini saa nane za usiku, itakuwaje saa nne za asubuhi, jua likishaichoma, nasi tuko katikati ya mteremko?

Kisha, tulipokuwa tukingoja kupambazuke, alitusimulia habari za John Muir, mtu mashuhuri katika historia ya hifadhi za Marekani. Tarehe 30 Aprili 1875, Muir na mwenzake Jerome Fay walifika kilele cha Shasta kupima kanieneo ya hewa kwa barometa. Mawingu yalianza kukusanyika, lakini Muir alitaka kusoma kipimo cha saa tisa alasiri, akangoja. Tufani ya theluji ikawakuta huko huko. Waliokolewa na jambo moja tu: karibu na kilele kuna mahali ambapo mvuke wa moto wa volkano hutoka ardhini. Walilala hapo usiku kucha katika matope ya moto, upande wa chini ukiungua na upande wa juu ukiganda. Kesho yake walishuka wakiwa hai, lakini miguu ya Muir ilikuwa imedhuriwa na baridi. Mtu hodari kama yule, aliyeijua milima kama kiganja chake, aliponzwa na saa chache.

Kulipopambazuka tuliona vijana wawili wa kambi nyingine wakipanda. Kila hatua walizama mpaka mapajani. Jua lilipotoka katika mawingu, mipira ya theluji ilianza kujiviringisha yenyewe kutoka majabalini, nayo ni dalili kwamba theluji imelowa. Wale vijana wakageuka wakarudi. Mmoja wao alikuwa ameteguka goti katika shimo la mguu wake mwenyewe. Tulisaidiana kumshusha mpaka barabarani.

Jioni ile nilimpigia baba simu. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Mmerudi wote?" Hakuniuliza kama nimefika kileleni. Nilipomweleza, akasema kwamba katika miaka yake yote ya upagazi hakuona mgeni aliyegeuka akafa kwa sababu ya kugeuka.

Juma lililofuata tulirudi. Usiku huo mbingu zilikuwa wazi, nyota zimejaa, na saa nane fimbo ya mzee iligonga theluji kama iliyogonga sakafu. Sasa yule yule aliyetuzuia ndiye aliyetuharakisha. Hakuturuhusu kupumzika zaidi ya dakika chache, maana alitaka tupite Red Banks kabla jua halijaamsha mawe. Tulifunga skii migongoni, tukapanda kwa meno ya chuma. Jua lilipochomoza, kivuli cha mlima kilianguka upande wa magharibi, kirefu ajabu, chenye ncha kama hema. Tukavaa miwani myeusi na kujipaka dawa usoni, hata sisi weusi, maana theluji safi huweza kurudisha zaidi ya asilimia 80 ya nuru ya jua, na huko juu macho huungua kama ngozi. Tuliziacha skii juu ya Red Banks, tukaendelea kwa miguu kupita kilima kiitwacho Misery Hill, maana yake kilima cha taabu, nacho kimestahili jina lake. Saa tatu na nusu tulisimama kileleni. Harufu ya mvuke wa kiberiti, ule uliomwokoa Muir, ilitufikia puani.

Saa nne na robo tulikuwa tumerudi penye skii. Mteremko wote ulikuwa chini yetu, zaidi ya mita 700 mpaka hemani, nasi vijana tulikuwa tayari. Mzee akaukanyaga kwa kisigino: mgumu bado. Akaketi juu ya mfuko wake, akatoa mkate. Yule aliyetukimbiza usiku kucha sasa alikula polepole kama mtu asiye na safari. Kila baada ya dakika kumi aliinuka akajaribu kwa kisigino. Saa tano kisigino kikaingia vidole viwili. Akatabasamu, akafunga skii zake, akashuka. Tukamfuata. Theluji ya chenga ilinong'ona chini yetu, laini juu na imara chini, na mteremko uliotuchukua saa nyingi kuupanda ulikwisha kwa dakika chache. Saa saba mchana, uso ule ulipokuwa umegeuka uji, sisi tulikuwa tumekwisha kuingia katika misonobari.

Wahenga wetu walisema, "Haraka haraka haina baraka." Walisema pia, "Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako." Nilipokuwa mwanafunzi hapa nilidhani methali hizi mbili zinapingana, na kwamba mtu mwerevu huchagua moja akaishi nayo. Juu ya Shasta niliziona zote mbili zikitimia katika asubuhi moja. Usiku ilitupasa kuharakisha. Asubuhi ilitupasa kungoja. Na siku ya kwanza ilitupasa kurudi nyumbani. Kazi ya mzee wetu ilikuwa kujua ni methali ipi iliyo ya saa ile, naye hakuijua kwa kubahatisha, bali kwa kushindilia fimbo.

Nina neno moja zaidi kwenu mlio madarasani. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kilimanjaro na skii zao. Tangu mwaka huo mpaka leo, zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya mlima wetu imekwisha kutoweka. Theluji ina saa zake za siku, na tena ina saa zake za karne. Mkipata nafasi ya kupanda, nendeni na mtu anayejua, ulizeni maswali, na pimeni kwa mikono yenu.

Baba nilimpigia simu jioni ile pia. Akauliza kwanza kama tumerudi wote. Nikasema ndiyo, wote. Ndipo akauliza, "Haya, ikoje chini ya mguu?" Nikamwambia kwamba alfajiri hulia kama mtu anayetafuna bisi, na saa tano hunyamaza. Akacheka sana, akamwita mama aje asikie.