SEHEMU YA 9: Mguu ni wa nani?

Nimetoka shifti ya usiku, naandika nikiwa nimechoka, mnivumilie.

Wodini kuna mzee mmoja wa kisukari, alikuwa anasubiri kukatwa mguu. Usiku akawa anabishana na jirani yake wa kitanda kuhusu viongozi. Akasema, "Kiongozi anayeogopa kuumiza watu hajengi nchi. Hata hapa mnanikata mguu ili nipone. Au siyo, sista?"

Nikacheka tu, nikaendelea kupima presha. Ila lile neno likanikaa.

Bibi mzaa mama alikuwa anaishi Iringa, kwenye shamba la marehemu babu. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuhamia vijijini sasa ni amri. Na ni yeye huyohuyo aliyekuwa akifundisha kwamba maendeleo hayaji kwa kulazimisha watu. Mwaka uliofuata mgambo wakafika kwa bibi. Mahindi yalikuwa bado shambani. Nyumba ikachomwa ili asirudi. Akapandishwa lori na watoto wanne, wakashushwa mahali penye vichaka tu, wakaambiwa hapa ndipo kijijini.

Nia ilikuwa nini? Shule, zahanati na maji viwe karibu. Na kweli baadaye shule ilikuja, mama akasoma. Zahanati ikaja, mimi nikazaliwa pale. Yaani yale manufaa yanayosemwa, mojawapo ni mimi. Bila lile lori, pengine nisingevaa hii sare. Sasa nianzie wapi kulaumu?

Alfajiri nikampelekea mzee fomu ya ridhaa. Nikamsomea yote, pamoja na hatari zake. Mkono ukamtetemeka, akasaini.

Nikamwambia, "Babu, jibu la swali lako ndilo hili. Mguu ni wako na uhai utakaookolewa ni wako. Umeulizwa. Ungekataa tungekubembeleza, tungemwita mwanao, lakini tusingekubeba kwa nguvu. Na tukikosea, imeandikwa nani alikata."

Akanyamaza kidogo. "Na huyo bibi yako aliulizwa?"

"Hakuulizwa, babu."

Mwalimu mwenyewe mwaka 1977, alipotathmini miaka 10 ya Azimio la Arusha, alikiri makosa hadharani. Namheshimu sana kwa hilo, wengi hawathubutu. Lakini bibi hakuwahi kuambiwa pole na yeyote. Picha ya Mwalimu aliitundika sebuleni mpaka anafariki, na mpaka anafariki kijiji kile alikiita "huku walikotutupa." Vyote viwili alivibeba.

Kwa hiyo mimi sisemi kiongozi asifanye jambo gumu. Nasema aulize kwanza anakata mguu wa nani. Na akishakata, asije akamwambia mwenye mguu kwamba hakuumia.

Mzee ametoka salama chumba cha upasuaji, tumuombee.

Nyumbani kwenu wazee wanaisimuliaje ile miaka ya Operesheni Vijiji? Niandikieni, nitasoma nikiamka.