Laikipia na Njia Iliyoahidiwa

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya juu, Bonde la Ufa hufunguka ghafla chini yako: mlima Longonot kushoto, Ziwa Naivasha likimeta mbele, na kulia nyanda za Kinangop. Wamaasai walilisha mifugo hapa kabla ya reli kupita. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, Waingereza wakaanza kuwagawia walowezi ardhi ya kandokando yake. Agosti 1904 Kamishna Sir Donald Stewart akafunga mkataba na Olonana, oloiboni mkuu (kiongozi wa kiroho wa Wamaasai), pamoja na viongozi wenzake. Wamaasai wakakubali kuliacha bonde, nao wakaahidiwa makao mawili: moja kusini mwa reli, jingine Laikipia.

Nilisafiri na nakala ya mkataba huo mkobani, nipate kuusoma mahali penyewe. Ni mfupi na hauna mafumbo. Makao hayo yatadumu maadamu Wamaasai wapo. Walowezi hawataruhusiwa kuchukua ardhi ndani yake. Itakuwepo njia ya kuyaunganisha, upana wake usizidi nusu maili. Na maili tano za mraba katika miteremko ya Kinangop zitabaki kwa ajili ya sherehe za tohara.

Kinangop ya leo ni viazi, kabichi na ng'ombe wa maziwa. Niliwauliza wauza viazi kando ya barabara kuhusu uwanja wa tohara wa Wamaasai. Hakuna aliyewahi kuusikia. Sikuwalaumu. Hapakuwa na hata kibao cha kumwambia mpita njia kwamba serikali iliwahi kuweka sahihi juu ya mteremko huu.

Baada ya Nyahururu barabara inateremka kuelekea Rumuruti. Hewa inakauka, migunga inaongezeka, kisha seng'enge inaanza. Kwa mwendo mrefu huoni mwisho wake. Ndani ya ua wa umeme wa ranchi kuna nyasi ndefu, pundamilia na ng'ombe walionona. Nje, vijana wawili wenye shuka walikuwa wakiswaga ng'ombe waliokonda katika kijia cha vumbi kati ya lami na waya. Hatua chache tu kwa upana. Hiyo ndiyo njia iliyobaki mahali palipoahidiwa nusu maili.

Ahadi ya kudumu ilidumu miaka saba. Walowezi waliitamani Laikipia pia, na Gavana Sir Percy Girouard akataka Wamaasai wote wakusanywe kusini. Olonana alifariki Machi 1911; serikali ikasema huo ndio ulikuwa usia wake. Aprili mkataba wa pili ukatiwa sahihi. Ole Gilisho, kiongozi wa Laikipia, aliupinga, akaishia kuuwekea alama yake chini ya shinikizo. Maelfu ya watu na mifugo wakaanza kuvuka milima ya Mau kuelekea kusini. Baridi na mvua viliua watu na wanyama hadi safari ikasimamishwa. Baadaye ikaendelea, na kufikia 1913 uhamisho ulikuwa umekamilika.

Wamaasai walikwenda mahakamani badala ya kushika mikuki. Mwaka 1913 Ole Njogo na wenzake waliishtaki serikali, kesi ikatupwa Mombasa, na Desemba Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikaunga mkono uamuzi huo. Majaji walisema Wamaasai walikuwa kama taifa la kigeni, mkataba wao ni jambo baina ya mataifa mawili, na mahakama haina mamlaka ya kuuamua. Ahadi ni deni, na majaji hawakusema deni limelipwa. Walikataa tu kumsikiliza mdai.

Doldol, upande wa Mukogodo, ndiko jamii za Kimaa za Laikipia zinakoishi kwa wingi sasa. Udongo umechunika, na dungusi kakati imetanda. Miiba ya matunda yake huchoma midomo ya mbuzi. Mzee mmoja alinikaribisha chini ya mgunga.

"Wenye ranchi si wabaya wote, kijana wangu," alisema. "Wakati wa kiangazi wengine wanatuuzia nyasi. Lakini mimi nanunua nyasi kwa nini, na serikali iliandika?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Wajumbe wa Kimaasai waliuliza swali hilohilo London mwaka 1962, wakati wa mazungumzo ya uhuru, wakakataliwa. Liliulizwa tena mwaka 2004, mkataba ulipotimiza miaka mia, na polisi wakawatawanya waandamanaji.

Kuheshimu mkataba huu si kumfukuza mkulima wa Kinangop aliyelinunua shamba lake kwa jasho. Ni kuwasikiliza wadai, kukiri kosa, kisha kujadili fidia, maji, njia za malisho na ardhi ya ibada. New Zealand ilianza mwaka 1975, ilipounda baraza la kusikiliza madai ya Wamaori juu ya Mkataba wa Waitangi wa 1840. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo imeipa Tume ya Taifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria. Basi madai ya Laikipia yasikilizwe kwa uzito wake, na Uingereza, iliyoweka sahihi, iitwe mezani. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na hakuna mahakama iliyowahi kuamua kama ahadi ya 1904 ilivunjwa kwa haki.